Kilosa ya Reli, Mikumi ya Lami

Kila mji una sababu ya kuwa mahali ulipo. Sababu hiyo ikihama, watu nao huhama, na mitaa hubadilika sura. Katika Wilaya ya Kilosa jambo hili linaonekana wazi katika miji miwili. Mmoja ni Kilosa mjini, wa pili ni Mikumi. Kati yao kuna mwendo wa kilomita 80 hivi. Njiani utapita kijiji kinachoitwa Ulaya. Kwa hiyo mtu wa Kilosa aweza kwenda Ulaya asubuhi na kurudi jioni bila pasipoti!

Tuanze na Kilosa. Hii ni nchi ya Wasagara tangu zamani. Lakini mji tunaouona leo uliletwa na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa iko mahali ambapo tambarare inakwisha na milima inaanza. Ili kupanda kwenda Dodoma, reli ililazimika kufuata bonde la Mto Mkondoa. Stesheni ikajengwa hapo, na maduka yakafuata stesheni. Ndiyo sababu sehemu ya maduka ya zamani bado inaitwa Uhindini.

Kisha yakaja mashamba makubwa ya mkonge, kama yale ya Kimamba na Rudewa. Wenye mashamba walitaka watu wengi wa kukata majani. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Walitoka Kigoma, Songea, Iringa na hata Msumbiji. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakalima hapa, wakazikwa hapa. Leo utamkuta mjukuu wa Mngoni au wa Muha akikuambia kwamba kwao ni Kilosa, na anasema kweli.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Lakini wakati huo huo nchi za nje zilikuwa zimeanza kutumia kamba za nailoni na plastiki. Bei ya mkonge ikaanguka. Mashamba mengine yakageuka pori. Walioishi kwa mshahara wa mkonge wakageukia jembe, na wengi wao walishuka kulima bondeni, karibu na mto.

Mto Mkondoa una tabia yake. Maji yake mengi hayatoki Kilosa. Yanatoka mbali, upande wa Dodoma na Mpwapwa, yakiletwa na Mto Kinyasungwe. Huko juu milima mingi imekatwa miti na kulimwa bila matuta. Mvua ikinyesha, udongo unaondoka. Maji yakifika Kilosa, mahali penye tambarare, mwendo wake unapungua. Maji yakipunguza mwendo huangusha mchanga, kama mtu aliyechoka anavyotua mzigo. Mwaka hadi mwaka mchanga unaongezeka, na sakafu ya mto inapanda. Mwisho mto unakuwa juu na nyumba zinakuwa chini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010. Mto ulibomoa tuta lililokuwa likikinga mji. Maji yaliingia Magomeni, Mbumi na mitaa mingine. Maelfu ya watu walipoteza nyumba, wakaishi katika mahema. Reli nayo ilikatwa. Kwa miezi kadhaa treni ya bara haikuweza kupita Kilosa, na mji uliozaliwa na reli ukakaa bila treni.

Maji yalipopungua, watu wengine walihamia sehemu za juu. Wengine walirudi bondeni. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka na kusema kuwa hawa hawasikii. Mimi sicheki, maana kazi yangu ni shamba. Udongo ule unaoletwa na mto ndio udongo bora kuliko wote. Mpunga unastawi, mahindi yanastawi, migomba inastawi, wala hakuna haja ya kununua mbolea nyingi. Mtu mwenye njaa hawezi kuuacha udongo kama huo kwa kuambiwa tu.

Shamba na nyumba ni vitu viwili. Mahindi yakichukuliwa na maji, utapanda tena. Mtoto akichukuliwa, hutapanda tena. Lima bonde, lakini lala mlimani, hata kama ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Ghala nalo lijengwe huko juu. Tena ukingoni kabisa usilime. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Acha majani na miti ikamate udongo. Ukipanda matete na mianzi ukingoni, utakuwa umejenga tuta lisilotaka saruji.

MJI WA MALORI

Mikumi ni habari nyingine. Jina lake limetokana na miti ya mikumi, ile ambayo sehemu nyingine huitwa mivumo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa ikipitisha mali yake huko kusini, hivyo ikahitaji njia nyingine ya kufika baharini. Malori yakaanza kubeba shaba kuja Dar es Salaam na kurudi na petroli. Barabara ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika malori yalizama kwenye matope. Baadaye ikawekwa lami. Reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita upande wa Kidatu, si Mikumi. Lakini malori hayakwisha.

Kwa hiyo Mikumi imejipanga kandokando ya lami. Milango inatazama barabara. Kuna gesti, gereji, mama lishe na wauza mahindi ya kuchoma. Usiku malori yanapolala, mji hauendi kulala. Lakini Mikumi haiwezi kupanuka ipendavyo. Upande mmoja ni hifadhi, upande mwingine ni milima. Tembo nao hawajui mpaka. Wakulima wengine huzungusha kamba iliyopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali, na wengine hutundika mizinga ya nyuki kwenye uzio. Tembo anawaogopa nyuki. Mwenye mizinga anapata asali pia, lakini asidhani kwamba mizinga mitatu italinda eka kumi.

Sasa sababu inahama tena. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Imetobolewa njia ndani ya milima ya Kilosa, na Kilosa imepata stesheni mpya. Lami nayo imefika Kilosa kutoka Dumila. Mahali lami inapofika, wanunuzi wa ardhi nao hufika. Wanakuja vijijini wakiuliza viwanja vya ishirini kwa ishirini.

Ndugu msomaji, chukua kalamu tupige hesabu. Familia ya watu sita hula kilo 3 za unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90, karibu gunia moja. Kwa mwaka ni magunia 11 hivi. Eka moja iliyotunzwa vizuri, kwa mbegu bora na palizi mbili, yaweza kutoa magunia hayo. Kwa hiyo anayeuza eka moja anauza chakula cha nyumba yake cha kila mwaka, si cha mwaka mmoja. Fedha aliyopewa aigawe kwa bei ya gunia. Aone itanunua chakula cha miaka mingapi, na wanawe watakula nini baada ya hapo.

Tena ardhi ya kijiji haiuzwi chini ya mwembe kwa mashahidi wawili. Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Baba asiyemwambia mama anajitafutia kesi. Ambaye bado hana hati ya hakimiliki ya kimila aiombe kwenye ofisi ya kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Huko ndiko kwa kuuliza ramani ya matumizi ya ardhi iko wapi, sehemu gani ni ya kujenga, na bonde limeachiwa nani.