Mngurumo wa Kilebu na Maana Yake

Katika malango mengi ya mitaa ya Nairobi huning'inia kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". Mwanafunzi wa Kiswahili hukisoma akatabasamu, kwa kuwa mbwa yumo katika ngeli ya A-WA na alistahili kuitwa mbwa mkali. Kosa hilo la sarufi halimdhuru mtu. Liko kosa jingine nyuma ya lango, nalo ni kutoielewa sauti ya mbwa mwenyewe, hasa angali kilebu.

Chukua mfano wa kilebu wa wiki tisa anayekula. Mtoto wa nyumba ananyosha mkono kwenye bakuli. Kilebu anakakamaa, anakiinamia chakula na kunguruma kwa sauti nzito. Aghalabu mwenye nyumba humpiga kofi, akijitetea kwa methali ya samaki kukunjwa angali mbichi. Wengine hufurahi na kumchokoza zaidi, wakiamini kuwa wanamwandaa mlinzi. Wote hawajasikia kinachosemwa. Mngurumo huo si utovu wa adabu wala ushujaa. Ni ilani ya kiumbe anayehofia kunyang'anywa. Anayepigwa kwa kunguruma haachi kuogopa, bali hujifunza kunyamaza. Siku moja huuma ghafla, watu wakadai kuwa hakutoa ishara yoyote. Kumbe ishara ilikuwapo, ikafutwa kwa kofi.

Hata hivyo, si kila mngurumo ni ilani. Hapa msomi wa pragmatiki atajihisi nyumbani, maana sauti ni ile ile ila muktadha ndio huamua maana. Kilebu anayecheza hulegeza mwili, huinamisha kifua huku ameinua kiuno, na mngurumo wake hukatikakatika. Anayeonya hukauka kama gogo, hukodoa macho hadi weupe ukaonekana, na pengine huinua mdomo kufichua meno. Akinguruma kila aguswapo mahali pamoja, yamkini ana maumivu, na wa kumtazama ni daktari wa mifugo.

La kufanya kwanza ni kusimama na kumpa nafasi. Kisha hofu itibiwe polepole. Mtu apite mbali kidogo na bakuli, arushe kipande cha nyama kilicho kitamu kuliko chakula kilichomo, aende zake. Siku zinavyopita asogee karibu zaidi, maadamu kilebu angali ametulia. Hatimaye kilebu huuona mkono wa binadamu kuwa unaleta, hauchukui. Kazi hii ni ya mtu mzima; watoto wafunzwe kutomsumbua mbwa anayekula au aliyelala.

Umri nao una uzito wake. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na nne, kilebu huzoea kwa wepesi watu, sauti na mahali pageni. Kwa ndugu zake hujifunza kupunguza nguvu ya meno, kwani akiuma sana mwenziwe hulia na mchezo hukatika. Ndiyo sababu haifai kumtenga na mama yake kabla ya wiki nane.

Suala hili si la adabu za mbwa tu. Kichaa cha mbwa kingali kinaua nchini Kenya, na mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka wa 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa kufikia 2030. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra mno kupona. Kilebu achanjwe afikapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama aliyemuuma ni kilebu wa nyumbani mwake.