Upepo wa Tairi: Usiupime kwa Macho Wala kwa Teke

Vikundi vingi siku hizi vina pikapu yao. Wanachama wamechanga kwa miaka, pengine na mkopo juu yake, mpaka gari likapatikana. Halafu siku moja mweka hazina anakuja mkutanoni na hesabu: pesa za matairi mapya, tena, na yale mengine hayajamaliza hata mwaka. Hapo maneno huanza. Dereva analaumiwa kwamba anakimbiza gari, naye analaumu barabara. Lakini ukiuliza ni nani aliyepima upepo mara ya mwisho, kila mtu anamwangalia mwenzake.

Mzigo wa gari haubebwi na mpira. Unabebwa na upepo ulio ndani. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila tairi linapozunguka. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka haraka pale pale, kisha ukiguse: kimepata moto, na ukiendelea kitakatika. Ndivyo inavyokuwa ndani ya tairi. Tairi la pikapu huzunguka karibu mara 500 kwa kila kilomita. Sasa hesabu mwenyewe kutoka Kinangop na viazi mpaka soko la Wakulima, Nairobi. Joto hilo huachanisha mpira na nyuzi zake, na tairi hupasuka gari likiwa mbioni, limejaa. Na juu ya magunia mara nyingi wameketi wanachama, jambo ambalo nalo ni hatari, lakini hilo ni la siku nyingine.

Madereva wengi hupiga tairi teke, likilia "du!" basi, safari. Lakini wapi! Matairi ya siku hizi yana ubavu laini, hata yakiwa sawa huonekana yamebonyea kidogo. Lililopungua sana laweza kufanana na mwenzake. Kikundi kinunue geji yake. Ni kitu kidogo cha kutia mfukoni, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na tairi moja.

Mjaze kiasi gani? Msifuate namba iliyo kwenye ubavu wa tairi. Hiyo huonyesha mwisho wa uwezo wa tairi lenyewe. Namba ya gari lenu iko kwenye kibao kidogo mtakachokiona mkifungua mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Mara nyingi huwa mbili, gari tupu na gari lenye mzigo, na matairi ya nyuma huhitaji zaidi. Ikiwa imeandikwa kwa baa, baa 2 ni kama paundi 29. Na kujaza kupita kiasi hakuongezi nguvu ya kubeba: tairi huisha katikati upesi, na breki hazishiki vizuri. Lenye upepo kidogo huisha pande zote mbili za kando.

Pimeni asubuhi, kabla gari halijatoka. Tairi likishatembea upepo hupata joto na kipimo hupanda paundi nne, sita au zaidi. Wengine wakiona hivyo hupunguza. Msifanye hivyo kamwe, kwa sababu likipoa litakuwa chini ya kiasi.

"Lakini kituo cha petroli kiko mbali," mtasema. Fanyeni hivi. Tuseme kibao kinasema 45, na nyumbani asubuhi geji inaonyesha 38. Limepungua 7. Mkifika kituoni likiwa na joto, geji yenu itaonyesha pengine 41. Ongezeni zile 7, mpaka 48. Tumieni geji ile ile mahali pote pawili, maana za vituoni nyingine hudanganya.

Kila wiki dereva aandike vipimo kwenye daftari, na mweka hazina alitazame. Mkiona tairi moja linapungua kuliko wenzake, kuna msumari au vali inavuja. Pakeni vali maji ya sabuni. Mapovu yakitoka, mmepata mwizi. Kifuniko cha vali kirudishwe, kinazuia vumbi.

Jambo moja msilifanyie mzaha. Tairi likitembezwa bila upepo, hata kwa mwendo mfupi, msilijaze tu na kuendelea. Fundi alitoe kwenye rimu aangalie ndani. Nyuzi zikiwa zimekatika, laweza kumpasukia usoni anayelijaza.

Pimeni na spea siku ile ile. Ijazeni kwa kiasi cha tairi la nyuma lenye mzigo, kwa kuwa hamjui ni lipi litakaloharibika. Kupunguza upepo njiani ni rahisi, kuongeza ndiyo taabu.