Kijana Anayekwenda Ng'ambo Kujifunza Uchoraji Afungashe Nini?

Mzazi wa Mhezi akiambiwa kuwa mwanawe amepata nafasi ya kusomea udaktari Ulaya, humshukuru Mola na kuwaita majirani. Akiambiwa kuwa nafasi hiyo ni ya kuchora picha, hunyamaza. Hatumlaumu. Katika milima hii ya Upare, wilayani Same, ada ya shule hutoka kwenye tangawizi na maharage, na kila shilingi ina jasho lake. Mzazi huyo ana hofu tatu: mtoto asije akapoteza dini yake, asije akarudi bila kazi, na asije akarudi akiwa mgeni kwao.

Hofu hizo ni za haki, lakini safari hii si ngeni. Wapo waliotutangulia, na inafaa tuyatazame yaliyowafika.

Wa kwanza ni jirani yetu wa Kilimanjaro, marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, Uganda, chini ya Bibi Margaret Trowell, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaenda London katika chuo cha sanaa cha Slade. Huko alikuwa na kila sababu ya kuchora majumba na mitaa ya Waingereza. Hata hivyo, maisha ya watu wa mlimani kwao, mashamba yao, kazi zao za ujima na harusi zao, yaliendelea kuwa ndiyo kazi ya brashi yake. Mwaka 1960 picha yake moja ya msafara wa harusi usiku ilichukuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru, huyo mchoraji ndiye aliyetumwa kuwa Balozi wetu London. Basi nani atasema kuwa uchoraji ni kazi ya asiye na kazi?

Wa pili ni ndugu yetu Ibrahim El-Salahi wa Sudan, na kisa chake kina funzo zito zaidi. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na ni katika chuo hicho, juu ya ubao, mtoto alipojifunza kuandika herufi na kuzipamba. Naye alipelekwa Slade, kuanzia mwaka 1954 hadi 1957. Aliporudi, alifanya maonyesho Khartoum katika hoteli kubwa. Siku ya kwanza watu walikuja, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Siku zilizofuata ukumbi ulibaki mtupu.

Angeweza kuwalaumu watu wake kwamba hawajui sanaa. Badala yake alijiuliza yeye ana kasoro gani. Akazunguka nchini mwake, akatazama watu wanapamba nini majumbani mwao: maandishi ya Kiarabu, nakshi za mikeka na vikapu. Akaanza kuandika herufi ndogo pembeni mwa picha zake, na watu wakasogea karibu. Kidogo kidogo herufi zenyewe zikawa picha. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote, jambo ambalo halijapata kufanywa hapo kabla kwa msanii wa Afrika. Kilichomfikisha huko ni ule ubao wa chuoni kwa baba yake.

Hapo ndipo tulipo sisi. Ughaibuni humpa kijana muda, zana na walimu. Haumpi cha kusema. Hicho hukitoa kwao. Nasi hatukupungukiwa: tuna wafinyanzi wa vyungu, wasusi wa mikeka, na sifa ya wahunzi wa ukoo wa Washana, waliofua chuma cha Upare tangu enzi za mababu.

Kwa hiyo, mzazi, usikatae wala usikubali kwa pupa. Uliza barua ya mwaliko imetoka wapi, nani analipa nauli, malazi na chakula, na safari inakwisha lini. Uliza kama huko kuna msikiti na chakula cha halali. Na kwa kuwa wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kuchora viumbe wenye roho, kijana amwendee mwanachuoni anayemwamini kabla ya kuondoka, naye atakuta kuwa uwanja wa maandishi na nakshi ni mpana mno.

Kisha, kabla hajapanda basi la kuteremka Same, mkalishe kwa bibi yake wiki moja, ajifunze kusuka ukili. Kiganja kilichojifunza nyumbani hakisahau njia ya kurudi.