Kuitia Ila Bidhaa ya Mshindani

Ila ya bidhaa aghalabu huijua kwanza yule auzaye bidhaa ya namna ile ile. Na hapo ndipo penye mushkili, kwa kuwa mtu mwenye ilimu ya kutosha kututahadharisha ndiye huyo huyo atakayefaidika tukitahadhari. Kumkataza asiseme ni kuwanyima watu ushahidi wa mjuzi, na kumwacha aseme apendavyo ni kumkalisha hasidi kwenye kiti cha kadhi.

Ni nadra jambo hili kudhihirika kama lilivyodhihirika katika ugomvi wa umeme uliozuka Marekani katika miaka ya 1880. Thomas Edison, aliyefungua kituo chake katika Pearl Street, New York, mwezi wa Septemba 1882, aliuza umeme wa mkondo mnyoofu, wa volti 110 hivi, ambao haukuweza kwenda mbali na kituo ila kwa gharama kubwa ya shaba. Ilhali George Westinghouse, kuanzia 1886, aliuza wa mkondo geu, ambao kwa msaada wa transfoma hupandishwa volti, ukasafirishwa mbali kwa waya mwembamba, kisha ukateremshwa ufikapo kwa mteja. Februari 1888 kampuni ya Edison ikatoa kijitabu cha jalada jekundu kuwaonya watu juu ya hatari za mitambo ya washindani wake. Kijitabu kile kilikuwa kikali, na insafu yake ilikuwa haba, lakini kilibeba jina la waliokitoa: msomaji alijua kuwa anayesema ni muuzaji, akayapima maneno yake kama yapimwavyo maneno ya muuzaji.

Mambo yaligeuka mwezi wa Juni mwaka ule ule, alipojitokeza mhandisi aitwaye Harold Brown kwa barua katika gazeti la Evening Post la New York, akiushutumu mkondo geu kuwa ni muuaji na kutaka sheria iufunge usipite volti 300. Alijionyesha kuwa raia asiye na upande, mwenye uchungu na roho za watu. Punde si punde akawa anafanya majaribio katika maabara ya Edison huko New Jersey, akiua kwa umeme mbwa, na baadaye ndama na farasi. Na jimbo la New York lilipohitaji mashine za kuwaulia waliohukumiwa kifo, ni yeye aliyefanya kila hila zipatikane za Westinghouse, ili jina la mshindani liandamane na mauti. Agosti 1889 gazeti la Sun likachapisha barua zilizoibwa ofisini mwake, ikabainika kuwa huyu asiye na upande alikuwa akisaidiwa na kampuni ya Edison, na pia na Thomson-Houston, mshindani mwingine wa Westinghouse. (Walioziiba barua hizo hawana la kujivunia, wala Westinghouse hakuwa malaika: ilivuma kwamba ndiye aliyemlipa wakili mashuhuri aliyemtetea William Kemmler, mtu wa kwanza kuuawa kwa kiti cha umeme, Agosti 1890.)

Lau Brown angalikuwa mwongo mtupu, mas'ala yangalikuwa mepesi. Lakini nyaya zilizotapakaa juu ya njia za New York, nyingi zikiwa zimechakaa, ziliua kweli. Oktoba 1889 fundi wa nyaya za telegrafu, John Feeks, alinaswa na umeme akafa juu kwenye nguzo mchana kweupe, umati ukitazama. Onyo, basi, lilikuwa na haki yake. Ila mwonyaji aliificha fedha iliyokuwa nyuma yake, na afanyaye hivyo huwapa watu sababu ya kulitupa onyo pamoja na mwonyaji.

Wanavyuoni walikwishaliona shimo hili karne nyingi kabla ya umeme. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye Riyadhus Salihin yake ingali ikidarisiwa katika misikiti ya pwani yetu, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu kwa ila yake, mojawapo ikiwa ni kuwatahadharisha watu na shari na kumnasihi anayetaka shauri. Lakini papo hapo akaongeza kuwa hapa ndipo watu wakoseapo, kwani msemaji huweza kusukumwa na hasadi, shetani akampambia hata akadhani anatoa nasaha. Imamu, kama uonavyo, hakutosheka na kuuliza kama neno lenyewe ni kweli.

Wahandisi wa umeme wa Marekani, walipojiwekea kanuni za maadili mwaka 1912, walishika njia nyingine: mabishano ya kifundi yasifanywe katika magazeti ya umma, bali katika vyama na majarida ya wenyewe mafundi. Siafikiani nao, kwa kuwa apitaye chini ya waya ana haki ya kusikia habari za waya huo, hata kama si fundi.

Mimi ningeridhika msemaji aanze kwa kutaja ni nani amlipaye, na sisi wasikilizaji tuitazame vyema dawa anayoiagiza. Ubovu wa nyaya za New York ulikuwa na dawa iliyojulikana, nayo ni kuzivika ngozi madhubuti na kuzizika ardhini, zote pia, za kila kampuni. Brown alitaka volti 300, kiasi ambacho kingeuondolea mkondo geu ile faida pekee iliyomfanya mtu aununue, kwani kilichoupeleka mbali ni hizo hizo volti alizotaka zikatwe.