Je, Wajua? Binti wa Mtumwa Aliyemiliki Shamba la Gavana

Je, wajua kwamba Groot Constantia, shamba kongwe la mizabibu karibu na Cape Town, liliwahi kuwa mali ya mwanamke aliyezaliwa mama yake akiwa mtumwa? Jina lake ni Anna de Koning. Mumewe, Oloff Bergh, kapteni wa askari mwenye asili ya Sweden, alilinunua mwaka 1716, miaka minne baada ya kifo cha Simon van der Stel, gavana aliyelianzisha. Bergh alipofariki mwaka 1724, Anna alibaki na shamba hilo mpaka naye alipofariki katika miaka ya 1730. Wala si masimulizi ya wazee yaliyotufikishia habari hizi. Zimetufikia kupitia hati za ardhi, madaftari ya ndoa na orodha za mirathi, karatasi ambazo makarani wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki waliziandika kwa sababu ya kodi, madeni na mipaka ya viwanja.

Mama yake Anna aliitwa Angela van Bengale. Mwaka 1657 alinunuliwa pamoja na familia yake na Jan van Riebeeck, kamanda wa kwanza wa Waholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema. Van Riebeeck alipoondoka mwaka 1662, Angela aliuzwa kwa ofisa mwingine wa Kampuni, Abraham Gabbema, na mwaka 1666 ofisa huyo akamwachia huru yeye na watoto wake watatu. Hapo ndipo karatasi zinapoanza kumfuata hatua kwa hatua. Mwaka 1667 anapewa kiwanja katika bonde lililo chini ya Mlima wa Meza. Mwaka 1668 anabatizwa. Mwaka 1669 anafunga ndoa na Arnoldus Willemsz Basson, mtu wa Wesel, Ujerumani. Na alipofariki mwaka 1720, hesabu ya mali yake ilizidi gilda 14,000, utajiri ambao Wazungu wengi wa mji ule hawakuwahi kuufikia. Ukoo wa Basson, ulioenea Afrika Kusini nzima, unamhesabu kuwa bibi yao wa kwanza.

Lazima isemwe pia, kwa kuwa karatasi zenyewe hazifichi: Angela na Anna, baada ya kutoka utumwani, nao walimiliki watumwa. Anayefuatilia nasaba hana ruhusa ya kuchagua kurasa zinazompendeza.

Je, wajua kwamba “van Bengale” halikuwa jina la ukoo? Lilitaja mahali mtumwa alikotolewa. Ndiyo maana madaftari ya Rasi yamejaa watu wa van Bengale, van Mozambique na van Madagascar wasio na udugu wowote kati yao. “Van de Kaap” nalo lilimtaja aliyezaliwa palepale Rasini. Wengi wameunganisha matawi ya nasaba kwa kufuata majina haya kama kwamba ni ya ukoo, wakapata ndugu ambao hawakuwahi kuwapo. Tahajia nayo inatesa. Karani aliandika alichosikia, na kila karani alisikia kivyake. Angela anaonekana kama Ansela, Ansiela, Angila, na wakati mwingine Maaij Ansela. Anayetafuta tahajia moja tu atampoteza kabla hajafika kwenye ukurasa wa tatu.

Kwa upande mwingine, desturi ya Kiholanzi ilimsaidia sana mtafutaji katika jambo ambalo Waingereza walilivuruga. Mwanamke wa Kiholanzi hakuacha jina lake alipoolewa. Katika hati, Anna ni Anna de Koning kabla ya ndoa, Anna de Koning ndani ya ndoa, na Anna de Koning akiwa mjane wa Bergh. Msomaji wa pwani ataielewa desturi hii mara moja, maana kwetu Fatuma binti Salim huolewa, huzaa na huzikwa akiwa binti Salim. Katika makoloni ya Uingereza ni kinyume: mwanamke akiolewa, jina la baba yake linatoweka, na mtafutaji hulazimika kulisaka kwa njia za mzunguko, kwa mfano katika hati ambamo baba anamgawia mkwewe kipande cha shamba.

Daftari la ndoa lina mengi kuliko majina mawili na tarehe. Watu waliotaka kuoana Rasini walipaswa kujieleza kwanza mbele ya wakuu, ili ijulikane kwamba hawana mwenzi mwingine na hawahusiani kwa damu iliyokatazwa, kisha ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Karani akaandika bwana harusi ametoka mji gani wa Ulaya, bibi harusi ni mjane wa nani, nani yuko huru na tangu lini. Daftari la ubatizo nalo lina safu ya mashahidi, na hiyo ndiyo safu ya kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu mashahidi hawakuokotwa barabarani. Walikuwa shangazi, wajomba, babu na bibi. Mara nyingi shahidi wa mtoto mchanga ndiye anayefichua mama wa mtoto alikuwa dada wa nani.

Tena watu wa Rasi walikuwa na utaratibu wa kurithisha majina. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza mara nyingi alichukua jina la bibi mzaa mama. Utaratibu huu unatoa kidokezo kizuri pale ubatizo wa mzazi unapokosekana. Lakini una balaa yake: ndugu watano wakiwa na baba aitwaye Willem, watoto wao wa kiume wa kwanza wote watano wataitwa Willem, katika wilaya moja, ndani ya miaka kumi. Kinachowatenganisha ni majina ya wake zao. Bila daftari la ndoa, kina Willem watano wanakuwa mtu mmoja mwenye watoto arobaini.

Tukirudi kwenye mali, hapa ndipo utajiri mkubwa ulipo. Sheria ya Kiholanzi iliwachukulia mume na mke kuwa na mali moja, isipokuwa kama waliandikiana mkataba mwingine kabla ya ndoa. Mmoja akifa, nusu ni ya aliyebaki, na watoto hugawana nusu nyingine sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Ili haki ya watoto isiliwe, mwaka 1673 ilianzishwa Rasini ofisi ya kusimamia mirathi ya yatima. Mjane aliyetaka kuolewa tena ilibidi kwanza mali ihesabiwe na fungu la watoto liwekwe wazi. Makarani wa ofisi hiyo waliingia chumba kwa chumba, wakaandika sufuria, vitanda, mapipa ya mvinyo, ng'ombe, watumwa kwa majina yao, madeni. Na juu ya orodha, majina na umri wa kila mtoto, pamoja na mume wa kila binti aliyekwisha kuolewa. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unakupa vizazi viwili na wakwe zao. Katika nchi ambako shamba lote lilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, kama ilivyokuwa Virginia hadi mwaka 1785 pale mtu alipokufa bila wosia, mabinti hufifia kabisa katika karatasi za ardhi. Rasini hawafifii.

Hati ya ardhi yenyewe husomwa kwa jicho la aina nyingine. Kipimo chake ni mojeni, ambayo ni zaidi kidogo ya ekari mbili za leo. Mwuzaji na mnunuzi, au mawakili wao, walifika mbele ya wajumbe wa mahakama, na hati ikataja kiwanja kinapakana na nani kila upande. Wasomaji wavivu huirukia bei na tarehe. Waliozoea kazi hii huanza na majirani, kwa kuwa shamba linalopakana na lako lilikuwa mara nyingi la baba mkwe au shemeji. Yupo pia mtu anayeuza ardhi ambayo hakuna hati ya yeye kuinunua. Huyo aliipata wapi? Karibu kila mara jibu ni mirathi au mke, na kwa hiyo unarudi kwenye daftari la ndoa. Nyaraka hizi mbili hazisomwi moja moja. Kila moja inauliza swali ambalo nyenzake inalijibu.

Je, wajua maana ya alama kama a1b3c2 katika vitabu vya nasaba vya Afrika Kusini? Herufi a ni mwanzilishi wa ukoo aliyefika Rasini. B3 ni mtoto wake wa tatu. C2 ni mtoto wa pili wa huyo b3. Kwa tarakimu chache unajua mtu ni mjukuu wa nani. Msingi wa vitabu hivyo uliwekwa na C. C. de Villiers, aliyechambua madaftari ya makanisa kwa mkono. Alifariki mwaka 1887, na kazi yake ikatolewa miaka ya 1893 na 1894.

Ajabu kubwa zaidi ilikuja baadaye. Mwaka 1949 serikali ya ubaguzi wa rangi ilipiga marufuku ndoa kati ya weupe na wasio weupe, na mwaka 1950 ikaamuru kila mtu aandikishwe kwa rangi. Wakati huohuo, katika hifadhi ya nyaraka ya serikali hiyohiyo mjini Cape Town, zilikuwapo kumbukumbu za kina Basson na Bergh na koo nyingine nyingi, zikionyesha bibi zao wa kwanza walitoka Bengali, Madagaska na Rasini penyewe. Hata gavana Simon van der Stel, ambaye mji wa Stellenbosch unaitwa kwa jina lake, alikuwa na bibi mzaa mama aliyetoka India. Mwaka 1971 J. A. Heese alitoa kitabu cha asili ya Makaburu na kukadiria, kwa kuhesabu ndoa na vizazi, kwamba karibu asilimia 7 ya asili yao haikutoka Ulaya. Katikati ya miaka ya 1980 H. F. Heese akachapisha majina ya waliooana wakivuka mipaka ya rangi, na kitabu chake kikawakasirisha sana baadhi ya weupe waliokuta humo majina ya koo zao. Sheria ya kukataza ndoa hizo ilifutwa mwaka 1985. Mwaka 2020 wanasayansi waliopima vinasaba vya Makaburu walipata wastani wa asilimia 4.7 ya asili isiyo ya Ulaya. Takwimu hizo mbili zinapishana kidogo, lakini zote zinasema jambo lilelile ambalo daftari la ndoa ya Angela la mwaka 1669 lilikuwa limekwisha kulisema.

Nyaraka za Kampuni ya Kiholanzi ziliingizwa na UNESCO mwaka 2003 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na orodha za mirathi za Rasi zimenakiliwa na kuwekwa kwenye intaneti, hivyo zinasomeka hata ukiwa Tanga au Bujumbura.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna sanduku lenye hati ya shamba, cheti cha ndoa au karatasi ya kugawana mirathi, zipige picha wiki hii. Andika pembeni mashahidi ni kina nani, na majirani wa mpaka wana udugu gani nanyi. Kisha mwulize bibi aliye hai jina la mama yake na la baba wa mama yake, uliandike kamili, pamoja na mahali walikotoka.