Upepo, Pepo na Roho: Kusoma Yohana 3:8 katika Pwani ya Tanga

Mwalimu asomaye Injili ya Yohana, sura ya 3, mbele ya watu wa Mrima, afikapo kifungu cha 8 hukuta shida ambayo mwenziwe wa bara haijui. Bwana wetu amwambia Nikodemo habari za upepo, ya kuwa sauti yake husikika, lakini mtu hajui utokako wala uendako. Wavuvi wa Sahare na Mwambani, na mabaharia wa Pangani na Kipumbwi, hulisikiliza neno hilo kwa adabu. Ila moyoni wanalo jawabu lao. Upepo utokako wanakujua, na uendako wanakujua, na miezi yake wanaihesabu. Nao wasema kweli. Kwa hiyo yafaa tulichunguze jambo hili, maana mfano ambao msikiaji auona si kweli hauwezi kumfikisha kwenye lile lililokusudiwa.

Pwani hii huishi chini ya pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na siku zake ni za jua kali. Ndizo siku ambazo vyombo vya Arabuni na vya Bara Hindi vilikuwa vikishuka kuja kwetu. Kusi huanza pamoja na masika, huwa na nguvu nyingi Juni na Julai, wakati wa kipupwe, kisha hulegea polepole kuelekea mwisho wa mwaka wa Kizungu. Na kwa kusi vyombo vile vilirudi kwao. Hata pande za dunia zimepata majina yake kwa pepo hizi, maana twasema kaskazini na kusini. Juu ya hizo kubwa uko upepo mdogo wa kila siku. Alfajiri huja umande kutoka nchi kavu, na kwa huo mwenye ngalawa hutoka; jua likipanda upepo wa bahari humrudisha nyumbani na samaki wake.

Tena wazee walikuwa na hesabu yao. Miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo, nayo haimfai baharia wala mkulima, kwa kuwa huzunguka majira yote. Kwa hiyo pwani ilishika mwaka wa pili, wa siku 365, uanzao kwa Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo watu walikuwa wakienda pwani kuoga. Siku zake zikahesabiwa kwa miongo, kumi kumi, na nahodha akaweza kusema katika mwongo gani bahari hufunga, na katika mwongo gani hufunguka. Mtu aliyelelewa katika hesabu ya namna hii, utamwambiaje kwamba upepo haujulikani utokako?

Kanisa lenyewe katika nchi hii lilipangiwa safari zake na pepo hizo. Askofu Tozer na Dakta Steere walifika Unguja mwaka 1864. Padre Alington akatumwa Usambaa mwaka 1867, na kazi ya Magila katika Bonde ikaanza mwaka 1868. Tangu hapo, kwa miaka mingi, barua, nguo, dawa na vitabu vilivyopigwa chapa Unguja vilivuka mkondo kwa tanga, vikashushwa Tanga au Pangani, kisha vikachukuliwa vichwani mpaka Magila. Kwa kusi kutoka Unguja kuja Tanga ni safari ya kufuata upepo. Kurudi kwa kusi hiyo hiyo ni kazi ya kubisha, huku na huku, mchana kutwa na usiku kucha. Padre aliyeugua homa Magila mwezi wa Julai hakuweza kuchagua njia yake. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 iliondoa taabu ya mabega, wala haikuondoa taabu ya bahari.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kiyunani kina neno moja, pneuma, ambalo ni upepo, tena ni roho. Na Kiebrania vivyo hivyo kina ruah. Katika Yohana 3:8 neno hilo limetumika mara mbili, mwanzo wa kifungu na mwisho wake, na nguvu ya mfano imo katika umoja huo. Kiswahili hakina neno la kuchukua mizigo yote miwili. Wafasiri walitwaa upepo kwa huu uvumao, wakatwaa roho, neno la asili ya Kiarabu, kwa yule Mtakatifu. Katika Kiarabu chenyewe ruh na rih, yaani roho na upepo, ni ndugu wa shina moja. Lakini sisi tulipomchukua ndugu mmoja, yule wa pili hakuja naye. Roho ilipofika kwetu ikawa pumzi na uhai, maana mtu akifa amekata roho. Ikawa na tamaa pia, na mlafi tukamwita mroho. Harufu ya bahari imeitoka kabisa.

Labda mtu atauliza, mbona basi hawakushika neno la kwetu? Jawabu ni kwamba neno la kwetu lilikwisha kupangishwa. Pepo ni upepo mwingi. Pepo ni yule ampandaye mtu, akamtikisa, akadai ngoma na ubani. Na peponi ni mahali pa wenye heri. Mwenye kupunga pepo ni mganga na watu wake, ambao wanamshughulikia mgonjwa kwa siku kadhaa. Na mwenye kupunga upepo ni mtu aliyeketi barazani jioni kwa sababu ya joto. Herufi moja tu yawatenga. Katika Injili zetu pepo ndio wanaotolewa na Bwana, na peponi ndipo alipoahidiwa yule mnyang'anyi msalabani. Neno lililokwisha kubeba shetani na bustani ya Mungu pamoja halikuweza kutwikwa tena jina la Nafsi ya tatu ya Utatu. Naona wafasiri walichagua vema, ingawa kwa hasara.

Lipo jambo ambalo lugha yenyewe imesaidia, nalo halitajwi mara nyingi madarasani. Twasema roho yangu inaniuma, na Roho Mtakatifu anatufundisha; twasema pepo zinavuma, na pepo wamempanda. Mtoto wa pwani hakosei katika hayo, wala hakufundishwa na mtu. Basi katekista aulizwapo kama Roho Mtakatifu ni nguvu tu itokayo kwa Mungu, au ni Nafsi, asikimbilie vitabu vikubwa kwanza. Na awaulize wanafunzi wake kwa nini wanasema anatufundisha, wala hawasemi inatufundisha.

Lakini kifungu chetu bado kinangoja. Nikodemo alikuwa mtu wa Yerusalemu, mji wa milimani, ambako upepo wa usiku huzunguka kati ya nyumba na mabonde; mtu huusikia asijue ulikoanzia. Upepo wa namna hiyo pwani tunao, ila si kaskazi wala kusi. Ni maleleji, upepo wa kati ya msimu na msimu, wakati ambao mabaharia huuita pia tanga mbili. Siku hizo asubuhi upepo watoka huku, adhuhuri hakuna, jioni watoka kule. Nahodha mwenye miaka arobaini ya bahari hutazama mawingu juu ya milima ya Usambaa, akakaa kimya. Hesabu ya miongo haimfai. Hana la kufanya ila kuweka tanga tayari, na kamba mkononi, na kungoja. Mwalimu akieleza Yohana 3:8 kwa maleleji, wavuvi watamwelewa pasipo maneno mengi, maana wanajua jinsi ilivyo kungoja upepo usioitwa ukaja.

Uangalifu huo huo wahitajika penginepo. Katika Luka 12:55 upepo wa kusini ndio uletao joto, kwa kuwa kusini mwa Palestina ni jangwa. Kwetu mambo yamegeuka, kusi ndiyo iletayo baridi, na joto ni la kaskazi. Mwalimu asipolieleza hilo, msikiaji wa Tanga atadhani Bwana alikosea, au kwamba aliyefasiri alikosea. Na yote mawili si kweli. Tena katika Matendo 27:13 upepo wa kusini wavuma kwa upole, na watu wanang'oa nanga kwa furaha. Ambapo kwa mvuvi wa Kigombe kusi ya Julai haina upole wowote.

Lakini sura hiyo ya 27 kwa ujumla ni mali ya watu wa pwani kuliko sura nyingine yoyote ya Agano Jipya, na nashangaa kwamba husomwa kwao kwa nadra. Msimu umekwisha kupita; Paulo asema tusiondoke; nahodha na mwenye chombo wana haraka, nao ndio wanaosikilizwa. Hilo limetokea katika kila bandari tangu Moa mpaka Sadani. Kisha tufani, na shehena kutupwa baharini, na bildi kushushwa usiku, pima 20, halafu pima 15. Hapo msomaji asimame kidogo, maana baharia hakika atauliza: mbona nanga nne zilitupwa tezi, wala si omo? Desturi ni omo. Ajibiwe kwamba chombo kilikuwa kikisukumwa pwani, na kama kingefungwa omo kingegeuka, kikatazama bahari. Kwa nanga za tezi omo yake ilibaki inaelekea nchi, tayari kukimbizwa mchangani pakipambazuka. Watu walikuwa 276 chomboni. Wakaomba kuche, kama aombavyo kila nahodha wetu aliyefika usiku nje ya mlango wa miamba, asiyeweza kuingia mpaka jua limwonyeshe maji meupe yalipo na maji meusi yalipo.