Kichwa kilichogongwa na maradhi ya miaka ya baadaye

Mtu akianguka na pikipiki, akazimia kidogo, kisha akainuka na kuomba maji, sote husema Alhamdulillah na mambo huishia hapo. Lakini ubongo hauponi kama ngozi.

Kichwa kinapogongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na nyuzi nyembamba za fahamu huvutika au kukatika. Ndani ya nyuzi hizo mna protini iitwayo tau, ambayo huzishikiza. Zikiharibika, tau huachia, hujikunja na kujirundika, na kwa miaka mingi chembe za ubongo hufa taratibu.

Walioanza kutupiwa macho ni mabondia. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza jinsi baadhi yao walivyopepesuka kama walevi. Mwaka 2002 Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50, akakuta tau imejirundika. Ama Muhammad Ali, aliyegundulika na maradhi ya Parkinson mwaka 1984 na kufariki 2016, madaktari hawajaafikiana kama ngumi ndizo zilizomletea, basi nasi tusikate hukumu.

Si kila aliyegongwa ataugua. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2018, uliohusu watu wapatao milioni 2.8, ulionyesha kuwa aliyewahi kuumia ubongo ana hatari ya kupoteza kumbukumbu na akili iliyo kubwa kwa asilimia 24 kuliko asiyeumia, na majeraha yakizidi hatari nayo huzidi.

Kwa hiyo mzee wa nyumba akiwa mkali kuliko desturi yake, akirudia maneno, au akipotea njia ya msikitini aliyoizoea, tusikimbilie kusema amerogwa au ana jini. Ulizeni kama aliwahi kuanguka mnazini au kugongwa na gari, na daktari aambiwe, hata kama ni miaka 20 iliyopita.

Aliyegongwa leo akitapika, akisinzia kupita kiasi au kichwa kikizidi kumuuma, apelekwe hospitali hapo hapo. Kijana aliyegongwa uwanjani asirudi mchezoni siku hiyo. Kofia ngumu ya pikipiki ivaliwe na ifungwe kidevuni, abiria naye, na hijabu si udhuru. Na mzazi mwenye mazoea ya kumzaba mtoto makofi ya kichwa, aache.